Afya Nyumbani: Sabuni ya Asili na Ngozi Isiyostahimili

Mkulima mmoja wa upande wa Kendu Bay ameniandikia barua ya kurasa mbili, tena kwa mwandiko safi, akiomba ajibiwe hapa. Binti yake wa miaka saba ana ngozi kavu yenye kuwasha tangu alipokuwa mchanga, hasa nyuma ya magoti na katika vikunjo vya viwiko. Wamejaribu sabuni nyingi za dukani na kila moja humchoma. Miezi miwili iliyopita mchuuzi aliwauzia vipande viwili vya sabuni isiyo na jina la mtengenezaji, akasema ni sabuni ya asili, ya mimea mitupu, haina dawa hata chembe. Kuwasha kumepungua. Lakini baba ameona kwamba uso na shingo ya mtoto vimekuwa vyeupe kuliko mikono yake, na majirani wanamsifu mama kwa jambo hilo. Anauliza, je, waendelee nayo? Na je, yafaa kumwoshea nywele pia?

Nitamjibu yeye kwanza, kwa maana jambo lake haliwezi kungoja mwisho wa ukurasa. Ndugu yangu, iacheni sabuni hiyo leo, mtoto na mama yake pia ikiwa anaitumia. Msiitupe wala msimgawie mtu. Itieni katika chombo chenye kifuniko, mnawe mikono, kisha mpelekeni mtoto hospitalini pamoja na sabuni yenyewe. Mwambieni daktari waziwazi kwamba imebadili rangi ya ngozi, na muombeni aangalie mkojo na figo za mtoto. Kama kituo cha karibu hakina vipimo, ombeni barua ya kwenda Homa Bay au Kisumu, katika hospitali kuu ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wazee bado huiita Russia kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Warusi. Yawezekana kuwasha kutarudi kwa nguvu mkiiacha. Hiyo si sababu ya kuirudia, bali ni jambo jingine la kumwarifu daktari.

Sasa nieleze kwa nini nimesema kwa ukali.

Sabuni ya kweli, iwe ya mkono au ya kiwanda, kazi yake ni kuondoa uchafu na mafuta. Haina uwezo wa kubadili rangi ambayo mtu amezaliwa nayo. Sabuni ikimfanya mtu kuwa mweupe, ndani yake mna kitu kingine, na aghalabu kitu hicho ni zebaki, au haidrokwinoni, au dawa ya jamii ya steroidi. Tena steroidi hutuliza kuwasha. Ndiyo maana barua ya ndugu yetu ilinitia wasiwasi niliposoma kwamba nafuu na weupe vimekuja pamoja. Majani hayafanyi hivyo.

Sisi watu wa ziwa tuna sababu ya kulijua jambo hili kuliko watu wa sehemu nyingine. Katika miaka ya 1990 wataalamu kutoka Japani, pamoja na Dakta Masazumi Harada, walipima zebaki katika nywele za watu wanaokaa kando ya Ziwa Viktoria, kwanza upande wa Tanzania na baadaye huku kwetu Kenya. Dakta Harada alikuwa ametumia miaka mingi kuwashughulikia wagonjwa wa Minamata, mji wa Japani ambako mwaka 1956 yaligunduliwa maradhi ya watu waliokula samaki wenye zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda. Kwa hiyo hata huku fikira za kwanza zilikuwa juu ya walaji wa samaki, na juu ya wachimbaji wa dhahabu ambao huikamata dhahabu kwa zebaki. Nywele hukua polepole na kuweka kumbukumbu ya vitu vilivyomgusa mwenye nazo au kupita mwilini mwake, kama vile daftari la karani. Daftari hilo liliposomwa, watu waliokutwa na zebaki nyingi ya kutisha walikuwa watumiaji wa sabuni za kung'arisha ngozi. Habari za Kenya zilichapishwa mwaka 2001, na ndani yake zilitajwa dalili za watumiaji hao: kutetemeka, uchovu, kizunguzungu, na mabaka meusi na meupe katika ngozi ileile iliyotafutiwa uzuri.

Nyingi za sabuni za namna hiyo zilizouzwa katika Afrika zilitengenezwa Ulaya, ambako sheria ya mwaka 1976 ilikwisha kukataza zebaki katika vipodozi vya watu wao wenyewe. Kuzipeleka nje kulikatazwa baadaye sana, mwaka 2003. Naliandika jambo hili bila kuongeza neno, msomaji atajiongezea. Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki mwaka 1998, na Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 umewafunga wengi duniani wasivitengeneze wala kuvisafirisha. Hata hivyo vitu hivi bado huvuka mipaka katika mizigo ya wachuuzi, na siku hizi vimejifunza kuvaa kanzu mpya iliyoandikwa "asili".

Basi angalieni karatasi ya sabuni kabla ya kulipa. Pasipo jina la mtengenezaji, wala mahali alipo, wala orodha ya vitu vilivyomo, pana shaka. Penye maneno mercury, mercuric iodide au calomel, hapana shaka tena, hiyo ni zebaki. Kuna na dalili nyingine ambayo wengi huipita bila kuiona: onyo la kutoigusisha sabuni na pete au mkufu wa dhahabu au fedha. Zebaki hula madini hayo. Kitu kinachoharibu pete ya bibi yako hakifai kupakwa shavuni pa mtoto. Tena hudhuru figo na mishipa ya fahamu, na mama mja mzito humpitishia mtoto aliye tumboni.

Mtu atasema, "Lakini hiyo si sabuni ya asili, ni udanganyifu." Kweli. Ingawa zebaki nayo hutoka ardhini, na hapana kitu cha asili kuliko hicho. Neno hilo halina mizani dukani. Tuache basi habari za wadanganyifu, tuitazame sabuni ya asili iliyotengenezwa kwa moyo mnyofu na akina mama wa vikundi, ambayo mimi mwenyewe naipenda na kuinunua.

Hapana sabuni duniani isiyozaliwa na magadi makali. Mafuta hukutanishwa na magadi hayo, ambayo wenye maduka huyaita kostiki soda, na viwili hivyo hugeuzana: hapabaki mafuta wala magadi, bali sabuni na gliserini. Mabibi wa upande wa Kakamega, ambao huchuja maji katika majivu ya maganda ya maharagwe ili kulainisha mboga, wanajua utelezi ule unaobaki katika vidole. Utelezi huo ni mwanzo wa sabuni, nayo inatengenezwa kwa mafuta ya vidole vyao wenyewe. Anayesema sabuni yake haina magadi ama hajui alichotengeneza, ama anakusudia kusema kwamba magadi yote yamekwisha kugeuka. Hilo la pili ndilo tunalolitafuta.

Na hapa ndipo mizani inapohusika. Kilo moja ya mafuta ya nazi huhitaji gramu 183 hivi za magadi makali ili yote yageuke. Kilo moja ya mawese huhitaji kama gramu 141 tu. Sasa fikirini kundi la akina mama ambao wamefundishwa kwa mafuta ya nazi. Bei ya nazi inapanda, nao wananunua mawese sokoni Kibuye, lakini kikombe cha magadi ni kilekile. Katika kila kilo ya mafuta hubaki gramu 42 za magadi ambayo hayakupata mafuta ya kugeuza. Yatayapata katika ngozi ya mnunuzi. Sabuni hiyo ni ya mimea mitupu, hakuna aliyedanganya, nayo itamchoma mtoto kupita sabuni ya kufulia. Fundi mzuri hufanya kinyume chake: hupunguza magadi kidogo, kwa mfano sehemu 5 katika 100, ili mafuta ndiyo yazidi. Kisha huiacha sabuni juu ya rafu penye hewa kwa majuma manne hata sita, ikauke na kuwa ngumu. Kwa hiyo unapokutana na mtengenezaji, usimwulize kama sabuni yake ni ya asili. Mwulize ametumia mafuta gani, kama ana mizani, na sabuni ilikatwa tarehe gani. Fundi hatakasirika, atafurahi kupata mtu wa kumweleza.

Wengine watauliza habari za karatasi ya litmasi tuliyoitumia shuleni. Haitoshi, kwa maana kila sabuni ya kweli huigeuza kuwa buluu. Iliyo bora ni ile karatasi ya rangi nyingi ambayo walimu wa sayansi huwa nayo, yenye kuonyesha kipimo cha pH. Maji safi ni 7. Sabuni nzuri huwa 9 au 10. Ikionyesha 11 au zaidi, pelekeni kufulia magunia.

Lakini ngozi ya mtu hupenda uchachu kidogo, karibu na 5. Maana yake ni kwamba hata sabuni iliyo njema kabisa huisumbua ngozi kwa muda, mpaka ijirudishe yenyewe. Ngozi yenye afya hujirudisha bila mwenyewe kujua. Ngozi kama ya binti wa Kendu Bay ni kama ukuta wa udongo wenye nyufa, ambao maji hutoka ndani na vitu vya kuwasha huingia. Mtu wa namna hiyo hana haja ya sabuni yenye nguvu, wala yenye mitishamba saba. Ana haja ya kitu kidogo, kisicho na manukato, kitumiwe kwapani, miguuni na penye uchafu, na mahali pengine maji yatosha. Sabuni ya mche, ile ndefu ya kukatwa vipande kwa kufulia, isimguse. Baada ya kuoga, angali na unyevu, apakwe mafuta mazito yasiyo na harufu. Jeli ya kawaida ya dukani hufanya kazi hiyo vizuri kuliko vitu vingi vya bei kubwa. Kuna pia vipande vya kuogea visivyo sabuni hasa, vilivyotengenezwa vikaribie uchachu wa ngozi; daktari akivitaja, msidhani anawauzia anasa.

Ngozi yangu mwenyewe ni ya jamii hiyo, kwa hiyo mwaka jana niliijaribu sabuni ya mwarobaini kutoka kwa kundi la akina mama karibu na Mbita. Mti huo una sifa nyingi katika sehemu zile. Taasisi ya ICIPE, iliyoanzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, ina kituo chake Mbita, na katika miaka ya 1990 ilieneza elimu ya mwarobaini kwa wakulima. Jina la mti lenyewe hudai maradhi arobaini, ingawa sijapata kumwona mtu awezaye kuyataja yote.

Nilianza kwa kutia povu katika sehemu ndogo ya ndani ya mkono, chini ya kikunjo cha kiwiko, mara mbili kwa siku. Kila mara niliacha kwa muda ule ambao povu hukaa mwilini wakati wa kuoga, nikalisuuza. Nilifanya hivyo siku kumi. Wengi hujaribu mara moja na kusema, "Hainidhuru." Lakini mwili unaweza kuchukua siku kadhaa kabla ya kukikataa kitu. Kisha kwa majuma matatu nilioga upande wa kushoto kwa sabuni hiyo, na upande wa kulia kwa sabuni nyeupe ya dukani isiyo na manukato. Mke wangu alicheka sana, akaniuliza kama pande zangu mbili zimekosana. Hata hivyo kwa njia hii mtu hujishuhudia mwenyewe, badala ya kumshuhudia muuzaji.

Matokeo ni haya. Pande zote mbili zilikuwa sawa. Sabuni ya mwarobaini haikunikausha, wala haikunifanyia ajabu yoyote iliyoshinda ile ya dukani. Niliendelea nayo kwa kuwa naipenda na fedha zinabaki ziwani. Lakini ndugu yake, iliyotengenezwa na akina mama walewale kwa mafuta ya mchaichai, ilinitoa vipele mkononi siku ya tatu. Mafuta ya harufu, hata ya mmea unaotiwa katika chai, ni miongoni mwa vitu vinavyowawasha watu mara kwa mara. Kwa ngozi nyepesi, sabuni isiyonukia kitu ndiyo ya kuanza nayo.

Tukija katika nywele, mambo hugeuka kidogo. Magadi ya sabuni hulifanya gamba la unywele kuinuka, nao ukawa mkavu na wenye kukamatana. Zaidi ya hayo, maji yana neno. Maji ya ziwa letu ni laini, na ya mvua ni laini zaidi, na sabuni hutoa povu upesi ndani yake. Lakini kisima chetu nyumbani kina maji magumu: chokaa yake hushikana na sabuni na kufanya utando mweupe, ambao hubaki juu ya nywele kama vumbi la unga. Mke wangu alipoosha kichwa kwa sabuni ya mwarobaini na maji ya kisima, nywele zilififia na kunata. Juma lililofuata alitumia maji ya mvua, naye akaridhika. Ni sabuni ileile na kichwa kilekile.

Anayetaka anaweza kumalizia kwa siki, kijiko kimoja cha mezani katika lita moja ya maji, akaimimina nyuma ili isiingie machoni, kisha asuuze. Si kwa mtoto mwenye vidonda. Wala msitumie ndimu, kama wengine wafundishavyo, kwa sababu maji ya ndimu yakibaki katika ngozi na jua la Kisumu likayapiga, huunguza na kuacha madoa meusi kwa majuma mengi. Aliyetiwa dawa ya kunyoosha nywele hivi karibuni asijaribu sabuni mpya kabisa, maana nyingi za dawa hizo nazo ni magadi makali, na kichwa chake kimekwisha kulipa kodi ya kutosha.

Neno moja kwa wazazi wenye watoto wa shule. Mashilingi ya kichwani, yale mabaka ya duara yanayokatika nywele, hayaponi kwa sabuni yoyote, ya mwarobaini au ya nini. Ukungu wake umeingia ndani ya unywele mpaka mzizini, ambako povu halifiki. Yataka dawa ya kumeza kwa majuma kadhaa, kwa kipimo cha daktari, na kutoazimana vitana na kofia. Nimeona watoto wakisuguliwa kichwa mwaka mzima.

Na mtoto akiwashwa kila atokapo kuoga ufukoni, msianze kwa kuilaumu sabuni. Katika maji ya kando ya ziwa mna vijidudu vya kichocho vinavyoingia kwa ngozi, navyo huweza kuwasha vinapoingia. Chota maji, yaache yakae siku mbili katika chombo kilichofunikwa, au yachemshe, ndipo aoge nyumbani. Ukimpeleka kliniki, mwombe daktari ampime kichocho pia.

Waliouliza habari za utitiri wa kuku nitawajibu juma lijalo. Barua zao zote nimezipata.